Mikwaruzo

Mkoba huu ni wangu.
Naanza na hilo, kwa sababu miaka sita
nilibeba mikoba ya watu, Marangu hadi Kibo,
kilo ishirini kichwani, viatu vya kuazima,
mwenye mkoba akitangulia na fimbo zake mbili
akiuliza, "Bado mbali?"
Barafu niliiona kwa mbali tu. Mpagazi huishia kambini,
huosha sufuria,
hungoja washuke na picha.

Juzi, Ruwi, saa kumi na mbili kasorobo,
niliutia mkoba wangu mwenyewe tumboni mwa basi
nikapewa kikaratasi chenye namba.
Miaka miwili ya ghala la samaki,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
ndevu zikiota chumvi.
Mkataba umekwisha Jumanne. Ndege ni Jumatatu.
Katikati, siku zisizo na msimamizi.

Jirani yangu kitini, Mofizul, fundi bomba,
alikuwa akishuka Sinau. Hatukuwa na lugha moja,
tulikuwa na Kiarabu cha jikoni
na chapati ya jibini yenye chipsi zilizopondwa,
tukaigawa.
Dirishani hapakuwa na kitu,
kisha hapakuwa na kitu kingine,
kisha ngamia mmoja, ametulia
kama mwenye hati ya kiwanja.
Kiyoyozi kilinidondokea shingoni, tone, tone.
Nikajua ghala limenifuata.

Bi Thuwaiba alinipokea barabarani
na gari lenye rangi ya vumbi. Mwalimu wa mawe.
Mama yake alizaliwa Wete, naye Kiswahili amekirithi
pamoja na jino la dhahabu.
Nilimsikia kwanza ghalani, akinunua nguru,
akimwambia mwenziwe kwamba barafu ya kweli
haimo humu, iko jangwani.
Nikacheka. Akageuka: "Njoo basi uione, mcheka watu."

"Kula kwanza," akasema sasa. "Jiwe haliendi pahala."

Tulitembea saa mbili. Jua halikuwa na haya.
Kisha akapiga goti, akafagia mchanga
kwa ncha ya mtandio,
na mwamba ukatokea, laini kama kigae,
umechanjwa mistari, mistari,
yote ikielekea upande mmoja
kama gogo la muuza nyama.
"Barafuto ilipita hapa," akasema.
"Miaka milioni mia tatu, ongeza, punguza.
Ilibeba mawe tumboni, ikayaburura.
Hii ndiyo alama ya mzigo."

Nikagusa utosi wangu,
pale kata ilipokaa miaka sita.
Nywele hazijarudi.

Sikusema kitu. Nikavua viatu,
nikapanda barafuni.
Lo! Iliniunguza! Nikarukaruka kama bisi kaangoni,
Bi Thuwaiba akacheka hadi akakaa chini,
jino linamulika.
Nikavaa tena, nikatembea taratibu,
hatua arobaini juu ya baridi iliyokwisha ondoka
kabla hapajawa na mtu wa kuitetemekea.
Nilizihesabu. Hakuna aliyeniuliza kama bado mbali.

Nyumbani wanasema ile ya Kibo inakwisha.
Wageni huipiga picha upesi upesi
kama wanaomuaga mgonjwa wa watu.
Itaacha nini ikiondoka? Mikwaruzo, labda.
Na jirani yake, kwenye njia ya kambini,
visigino vyetu,
vilivyokuwa laini mno kuandika juu ya jiwe.

Jioni tulipika wali na papa mkavu
nyuma ya gari, upepo ukila nusu ya moto.
Nikainuka kwa mazoea, nikaichukua sufuria.
Akaninyang'anya.
"Weka. Wewe leo mgeni."

Basi la kurudi ni kesho saa nne.
Nimekaa, mkoba mapajani.
Mikono sijui niiweke wapi.